Motokari iko na historia yake, tuisome

Wandugu, wengi wetu feza ya kwanza ya kazi inaingia katika motokari ya okazioni, na tunaamini kilometa tunazoonyeshwa. Kurudisha kompteri nyuma ni wizi wa zamani. Marekani iliukataza kwa sheria ya 1972. Kuanzia modeli za 1981, kila motokari ya kule ikapewa namba ya chasi yenye alama 17. Ile ya kumi inaonyesha mwaka wa modeli. Mwaka wa 1984 ikazaliwa Carfax, kampuni ya kuuza historia za motokari, kwa sababu ya wizi huo huo.

Lakini motokari nyingi za usukani wa kuume tunazoziona hapa Lubumbashi zilitengenezwa kwa soko la Japani. Namba zao ni fupi, na mwaka haumo ndani. Ukiingiza namba hiyo katika tovuti ya Kimarekani, hupati kitu. Hapo uliza cheti cha Japani cha kuitoa motokari nchini: kinaonyesha lini iliandikishwa mara ya kwanza, na kilometa zilizosomwa kwenye kontroli. Kisha linganisha namba ya cheti na ile iliyogongwa kwenye chuma.

Mimi wa agronomia, siweki mbegu udongoni bila kusoma etiketi. Muuzaji akificha hiyo karatasi, beba feza yako, uende.