Chanjo ya begani na kansa ya kibofu

Kama ulizaliwa Tanzania, huenda una kovu dogo kwenye bega la kulia. Huku Busi, Kondoa, kila mama anajua ni alama ya chanjo ya kifua kikuu, BCG. Nilichokuja kukijua ukubwani ni kwamba chanjo hiyo hiyo ndiyo dawa kubwa ya kuzuia kansa ya kibofu cha mkojo isirudi. Mimi ni mwandishi wa habari, si daktari, lakini historia hii imenigusa.

Mwaka 1908, mjini Lille, Wafaransa Albert Calmette na Camille Guérin walianza kukuza vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe. Walivihamisha mara 230 kwa miaka 13, mpaka vikapoteza ukali. Mwaka 1921 mtoto wa kwanza akachanjwa.

Sasa kansa. Tabu ya kansa ya kibofu ni kurudi. Daktari anapitisha chombo kwenye njia ya mkojo, anakwangua uvimbe, mgonjwa anapona. Baada ya miezi kadhaa unaota mwingine. Mwaka 1976 Alvaro Morales, daktari wa Kingston, Canada, alitangaza matokeo ya wagonjwa 9 aliowawekea BCG ndani ya kibofu kwa mpira wa mkojo, mara moja kwa wiki, wiki 6. Kwa nini 6? Chanjo ilikuja kwenye pakiti za chupa 6! Hesabu hiyo inatumika mpaka leo. Vijidudu vile huamsha kinga ya mwili, nayo huishambulia kansa. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 1990. Ikishindikana, zipo dawa nyingine za kuweka kwenye kibofu, au kibofu chenyewe kinatolewa.

Lakini kwetu kuna jambo la ziada: kichocho. Theodor Bilharz alimgundua mnyoo wake Cairo mwaka 1851. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitamka rasmi kwamba mnyoo huyo wa kibofu husababisha kansa. Na kansa ya kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine, tena hufika hospitali ikiwa imeshazama kwenye msuli. BCG ni ya kansa ya juu juu. Ikishazama, mara nyingi kinachobaki ni kutoa kibofu chote, na mkojo kutengenezewa njia mpya.

Maana yake ni kwamba ugunduzi wote ule unamfaa anayewahi. Sehemu nyingi za Afrika mvulana akikojoa damu watu husema amekua. Hapana jamani! Hiyo ni dalili ya kichocho, na vidonge vya prazikwanteli vinakitibu. Na mtu mzima akiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, aende hospitali akapimwe, asisubiri irudi.