Nani Mtunzi? Dijei na Mghani katika Historia ya Hip Hop, 1973–1994

Mhakiki wa fasihi anapoigeukia hip hop, aghalabu huanza na maneno: vina, mizani na tamathali za mghani. Mwelekeo huu unaeleweka, kwani maneno ndiyo riziki ya mhakiki. Hata hivyo, mfuatano wa matukio yenyewe unaonyesha kwamba fanani wa kwanza wa sanaa hii hakuwa msemaji. Alikuwa mtu aliyesimama nyuma ya mitambo miwili ya santuri.

Tarehe 11 Agosti 1973, Clive Campbell, mzaliwa wa Jamaika aliyejulikana kama DJ Kool Herc, alipiga santuri katika dansi ya dadake, Cindy, kwenye jumba nambari 1520 la Sedgwick Avenue, mtaani Bronx, New York. Herc alikuwa ametambua kwamba wachezaji walisubiri kwa hamu sehemu moja fupi ya wimbo, yaani pale waimbaji wanaponyamaza zikasalia ngoma. Akawa anatumia nakala mbili za santuri moja; kipande kikiisha kwenye mtambo huu, anakianzisha kwenye ule. Mwenzake, Coke La Rock, alishika kipaza sauti akiwataja marafiki kwa majina na kuwachangamsha wachezaji. Ughani, basi, ulizaliwa ukiwa pambo la kazi ya dijei.

Waliofuata waliinyoosha mbinu hiyo. Joseph Saddler, au Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados aliyesomea elektroniki katika shule ya ufundi, alizitia santuri alama kwa krayoni ili ajue airudishe sahani nyuma kwa kiasi gani bila kupoteza mdundo. Kijana Theodore Livingston naye akagundua kwamba santuri ikisukumwa na kuvutwa chini ya sindano hutoa sauti mpya. Huku kukwaruza kuligeuza chombo cha kurudia sauti za wengine kikawa ala.

Mpasuko ulitokea mwaka 1979, utendaji ulipoingia studioni. "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang haikumhitaji dijei hata kidogo: bendi ya studio iliupiga upya mdundo wa "Good Times" ya kundi la Chic. Isitoshe, baadhi ya beti zake zilikuwa za Grandmaster Caz, ambaye hakutajwa miongoni mwa watunzi. Katika dansi, hadhira ilimjua mwenye beti na mwenye mikono. Kwenye santuri ilibaki lebo tu.

Kisa cha Flash mwenyewe kinaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Mwaka 1981 alitoa "The Adventures of Grandmaster Flash on the Wheels of Steel", kazi ya takriban dakika saba iliyofumwa kwa santuri za watu wengine: Chic, Queen, Blondie na kadhalika. Humo alimchukua mwimbaji wa Blondie pale anapomsifu Flash, akalipachika jina lake kupitia kinywa cha mwingine. (Watunzi wa tenzi wa pwani ya Afrika Mashariki, waliozoea kujitaja katika beti za mwisho, wangeielewa hila hiyo mara moja.) Mwaka uliofuata ukatoka "The Message", wimbo uliosifiwa kwa kuchora maisha ya dhiki mjini. Jina la Grandmaster Flash ndilo lililotangulia kwenye lebo, ilhali mikono yake haimo: kazi ilikuwa hasa ya Duke Bootee na Melle Mel. Kazi iliyokuwa yake kweli haikuwa na beti zake za kuchambuliwa. Ile iliyochambuliwa sana kwa jina lake hakuitunga. Mhakiki anayetegemea lebo na maneno hupotoshwa mara mbili.

Mashine za kunasa vipande vya sauti, kama vile SP-1200 ya mwaka 1987, zilimrudisha dijei kwa mlango wa nyuma, safari hii akiitwa mtayarishaji. DJ Premier wa Gang Starr ni mfano bora. Mtindo wake wa kutunga viitikio kwa kukwaruza semi zilizokatwa kutoka nyimbo za waghani wengine si urembo wa muziki tu. Ni dondoo, ni usomaji wa kazi iliyotangulia na pengine jibu kwake. Dhana ya mwingilianomatini, ambayo wanafasihi hulazimika kuisaka kati ya mistari, hapa husikika kwa masikio.

Katika albamu ya Nas, *Illmatic* (1994), Premier alitayarisha "N.Y. State of Mind". Sauti za piano alizitoa kwa mpiga jazi Joe Chambers. Kiitikio ni msemo mmoja wa Rakim, uliokatwa kutoka "Mahogany" ya mwaka 1990 na kukwaruzwa. Anayeyanakili maneno ya wimbo huo karatasini huviweka beti na kiitikio chini ya jina la Nas, ingawa katika kiitikio sauti ni ya Rakim na mkono ni wa Premier.