Simu za mwanzo hazikuwa na pazia

Bibi harusi wa leo akijifungia chumbani kuongea na mchumba wake kwa simu, ana hakika hakuna wa tatu anayesikia. Zamani hakika hiyo haikuwepo, na wala si zamani sana.

Simu ya mkononi ya kwanza ilipigwa New York tarehe 3 Aprili 1973 na mhandisi wa Motorola, Martin Cooper. Lakini simu bila mtandao ni tofali tu. Tokyo walipata mtandao wa simu za gari mwaka 1979. Mwaka 1981 ukaja ule wa nchi za Skandinavia, na hapa pana jambo wengi hatulijui: mtandao huo uliwashwa kwanza Saudi Arabia, mwezi mmoja kabla ya Sweden. Chicago wakafuata Oktoba 1983, na simu ya Motorola ikauzwa dola 3,995. Mahari ya mtu hiyo! Tena ukiongea nusu saa, betri imekwisha.

Mji uligawanywa vipande kama sega la nyuki, kila kipande na mnara wake. Ukihama kipande, minara inakabidhiana simu yako. Akili kubwa hiyo. Kasoro ilikuwa kwenye sauti. Analogia maana yake sauti ilipandishwa kwenye mawimbi vile vile ilivyo, kama redio ya FM, kwa hiyo mwenye redio ya kunasa masafa yale alikusikiliza akiwa amekaa kwake.

Na walisikiliza. Mwaka 1992 gazeti la The Sun la Uingereza lilichapisha maneno ya Diana, mke wa Charles, aliyoyasema na rafiki yake mwishoni mwa 1989. Mstaafu mmoja alisema aliyanasa kwa redio yake. Siri za ndani ya ndoa zikauzwa barabarani! Marekani ilikwishakataza usikilizaji huo kwa sheria ya 1986, lakini Desemba 1996 mume na mke huko Florida wakanasa mazungumzo ya Spika Newt Gingrich.

Dawa ilikuwa mtandao wa dijitali wa GSM, uliozinduliwa Finland tarehe 1 Julai 1991, ambao hugeuza sauti kuwa tarakimu na kuifunga kwa ufunguo wa siri. Kwetu Tanzania, Mobitel ilipoanza mwaka 1994 ilianza na analogia. Basi shangazi aliyekuwa nayo Dar miaka ile akikwambia wao simuni walisalimiana tu, msadiki.