Gesi ya kiyoyozi katika magari ya zamani

Gesi ya kiyoyozi cha gari ni kemikali inayozunguka ndani ya mabomba ya kiyoyozi ili kuchukua joto kutoka ndani ya gari na kulitoa nje. Kompresa huikandamiza gesi hiyo. Inapopita mbele ya rejeta hupoteza joto na kuwa kiowevu. Kisha hupenya kwenye tundu jembamba la vali, shinikizo lake hushuka, nayo hugeuka tena kuwa gesi ikivuta joto kutoka kwenye hewa ya abiria.

Historia

Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 yalitumia R-12, iliyojulikana kwa jina la biashara Freon. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kuwa klorini iliyomo katika gesi za aina hiyo huharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliweka utaratibu wa kuziondoa. Isipokuwa kwa matumizi machache maalumu, utengenezaji wa R-12 ulikoma katika nchi zilizoendelea mwishoni mwa 1995, na katika nchi zinazoendelea mwaka 2010.

Mahali pake palichukuliwa na R-134a, ambayo haina klorini. Hata hivyo, nayo huongeza joto duniani zaidi ya mara 1,000 kuliko dioksidi ya kaboni ya uzito uleule. Kwa sababu hiyo imo katika Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yanayotaka gesi za kundi lake zipunguzwe hatua kwa hatua.

Kubadilisha gesi

Kabla ya kujaza, fundi husoma kibandiko kilichomo chini ya boneti, kwa maana mwaka wa gari pekee hautoshi. Gari la R-12 linaweza kubadilishwa litumie R-134a, lakini si kwa kuongeza gesi mpya juu ya ile ya zamani. Hatua za kawaida ni hizi:

* Gesi ya zamani hukusanywa kwa mashine, haiachiliwi hewani.
* Oili ya madini hutolewa, kwani haichanganyiki na R-134a. Kompresa ikikosa oili hukwama. Badala yake hutumika oili ya PAG au ya esta.
* Chujio la kukausha unyevu na mipira ya kuzuia uvujaji hubadilishwa.
* Hewa na unyevu hufyonzwa kwa pampu, kisha gesi hujazwa kwa kupimwa uzito, kwa kawaida asilimia 80 hadi 90 ya kiasi cha R-12.

Baada ya mabadiliko hayo kiyoyozi kinaweza kupoza kidogo kuliko awali, hasa gari likiwa kwenye foleni.

Hatari

Propani na butani hupoza vizuri, lakini huwaka. Zikivuja ndani ya gari ambalo mfumo wake haukuundwa kwa ajili yake, cheche moja yaweza kuleta moto. R-1234yf, inayotumika katika magari mapya, nayo huweza kuwaka kwa kiasi kidogo, hivyo haifai kujazwa ovyo katika mfumo wa zamani. Gesi yoyote ya kiyoyozi ikimgusa mtu ikiwa kiowevu huweza kugandisha ngozi au kuumiza macho. Kwa hiyo glavu na miwani ni vya lazima.