Supachaja katika gari dogo: nguvu hupatikana wapi, na kwa gharama gani?

Wakati wa Pasaka ya mwaka 1993, magari ya Toyota Celica yaliponyakua nafasi nne za kwanza katika mashindano ya Safari Rally nchini Kenya, kigari kimoja kilimaliza katika nafasi ya 12 na kushinda daraja lake. Kilikuwa Subaru Vivio, kikiendeshwa na Mkenya Patrick Njiru. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 658, yaani pungufu ya lita moja. Vivio nyingine, ya Colin McRae wa Scotland, ambaye mwaka 1995 alikuja kuwa bingwa wa dunia, iliharibika njiani.

Kilichoiwezesha injini ndogo kiasi hicho kushindana katika barabara za vumbi na miinuko ni supachaja. Zaidi ya miaka 30 baadaye, swali la kifaa hicho bado husikika katika gereji za Busia, Malaba na Tororo, ambako magari madogo yaliyotumika Japani hupita kila siku yakitokea bandari ya Mombasa: je, Vitz au Passo ya kawaida inaweza kuongezewa supachaja?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, lakini pampu yenyewe ndiyo sehemu rahisi ya kazi hiyo. Ugumu uko katika nafasi, joto na uimara wa injini.

Supachaja ni nini?

Injini ya petroli huchoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Mafuta ni rahisi kuyaongeza. Kinachokosekana ni hewa. Katika injini ya kawaida, pistoni inaposhuka huvuta hewa ya nje, na haiwezi kupata zaidi ya ile inayosukumwa na shinikizo la anga.

Supachaja ni pampu inayoishindilia hewa ndani ya silinda. Huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye puli ya kranki, kwa hiyo hufanya kazi tangu injini inapoanza kuzunguka. Hapo ndipo inapotofautiana na tabo, ambayo huzungushwa na moshi wa ekzosi na mara nyingi huchelewa kidogo kushika kasi. Lakini wepesi huo una bei yake: supachaja hula sehemu ya nguvu ya injini ileile inayoisaidia.

Aina ya pampu iliyoenea zaidi ina jina la ndugu wawili Wamarekani wa karne ya 19, Philander na Francis Roots, walioitengeneza kwa ajili ya kusukuma hewa viwandani. Mercedes ilionyesha magari yake ya kwanza ya kuuzwa yenye supachaja mjini Berlin mwaka 1921.

Kwa nini magari huchoka upande wetu?

Busia na Tororo ziko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, shinikizo la anga ni kama asilimia 87 ya lile la Mombasa. Kwa hiyo gari lililoshushwa melini likiwa na nguvu zake zote hufika Malaba likiwa limepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu hizo, ingawa hakuna kilichoharibika.

Dereva anayetoka Sop Sop, katika Wilaya ya Tororo, akiwa na abiria wanne na gunia la mahindi kwenye buti, huuhisi upungufu huo kila anapopanda mwinuko wa barabara ya changarawe. Supachaja hurudisha kile ambacho kimo kimekichukua, kisha huongeza. Ndiyo maana hamu ya kuwa nayo ni ya haki, na si mchezo wa vijana wapenda kasi peke yao.

Tatizo la kwanza: nafasi

Chini ya boneti ya gari dogo kila sentimita imeshapangiwa kazi. Katika Vitz yenye injini ya 1NZ ya lita 1.5, injini imekaa kwa kukingama. Mikanda iko ubavuni, karibu kabisa na bodi. Ekzosi iko nyuma, upande wa abiria. Njia ya kuingizia hewa iko mbele, ikitazamana na feni na rejeta. Supachaja ingependa kukaa hapo mbele, mahali ambapo oltaneta na feni zimeshatangulia.

Hata ikipatikana nafasi, puli yake lazima ilingane sawasawa na puli nyingine. Ikipinda kidogo, mkanda huliwa pembeni na kukatika. Katika injini hiyo, mkanda wa nje ndio pia unaozungusha pampu ya maji na oltaneta. Supachaja ikifungwa kwenye mkanda huohuo, kukatika kwake njiani ni kuchemsha injini.

Viwanda vyenyewe vimetoka jasho kwa tatizo hili. Katika Mini Cooper S iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kipoza hewa kiliwekwa juu ya injini, boneti ikatobolewa ili kukipelekea upepo, na betri ikahamishiwa kwenye buti. Mwaka 2018 Toyota ilitoa Yaris GRMN, ndugu wa Vitz, yenye injini ya lita 1.8 na supachaja, ikitoa nguvu za farasi 212. Kwa soko la Ulaya yalitengenezwa magari 400 tu, na wahandisi walilazimika kupanga upya kipoza hewa, rejeta na kipoza oili ili vyote vienee katika pua ya gari.

Tatizo la pili: joto

Hewa ikishindiliwa hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Tuchukue mfano. Hewa iliyo chini ya boneti mjini Tororo ina nyuzi 40 za selsiasi, na supachaja ya aina ya Roots inaongeza shinikizo kwa asilimia 46. Kwa ufanisi wa asilimia 60, ambao ni wa kawaida kwa pampu hizo, hewa hutoka ikiwa na nyuzi 100 hivi.

Hewa ya moto hutanuka. Badala ya kuingiza hewa zaidi kwa asilimia 46, injini hupata ongezeko la asilimia 22 tu. Hewa hiyo ikipitishwa kwenye kipoza na kushuka hadi nyuzi 55, ongezeko hufika asilimia 39. Kwa maneno mengine, supachaja bila kipoza hupoteza zaidi ya nusu ya faida yake, na kipoza nacho kinataka nafasi mbele ya rejeta pamoja na mabomba yake.

Tatizo la tatu: mgandamizo na petroli

Injini ya 1NZ hugandamiza hewa kwa uwiano wa 10.5 kwa 1. Ikiongezewa hewa iliyokwisha kushindiliwa, mchanganyiko unaweza kulipuka kabla ya wakati. Dereva husikia injini ikigonga. Asiposikia, pistoni hutoboka au gasketi ya silinda hedi huungua.

Mwaka 1986 Toyota ilipoweka supachaja kwenye injini yake ya lita 1.6 ya 4A, ilipunguza uwiano huo kutoka 9.4 hadi 8 kwa 1 na kutumia pistoni imara zaidi za kufuliwa. Ilijenga injini nyingine, ijapokuwa jina la ukoo lilibaki lilelile.

Hapa mpakani kuna hatari ya ziada. Petroli ya madumu inayouzwa kando ya barabara haijulikani ubora wake, na ikichanganywa na mafuta ya taa hupungua uwezo wa kuhimili mgandamizo. Injini ya kawaida huweza kuivumilia kwa muda. Injini yenye supachaja haina subira hiyo.

Kabla ya kutoa fedha

Njia ya mkato ya kuagiza gari kuukuu lililotoka kiwandani na supachaja imefungwa. Vivio iliacha kutengenezwa mwaka 1998. Uganda ilizuia mwaka 2018 uingizaji wa magari yaliyozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, na Kenya haipokei yaliyozidi miaka 8.

Kwa mwenye gari ambaye bado ana nia, haya ni mambo ya kumuuliza fundi kabla ya makubaliano:

• Kompyuta ya injini itarekebishwa na nani, na noseli zitatosha kuleta mafuta yanayolingana na hewa mpya?
• Kipoza hewa kitakaa wapi, na rejeta itaendelea kupata upepo?
• Shinikizo la silinda zote limepimwa, na linalingana?
• Breki, klachi na giaboksi zitahimili nguvu hiyo?
• Kampuni ya bima imearifiwa? Badiliko lililofichwa linaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia.

Fundi asiyekuwa na jibu la swali la kwanza hafai kupewa kazi hiyo.

Kwa wengi, nguvu iliyopotea iko karibu zaidi. Chujio la hewa lililojaa vumbi la changarawe, plagi zilizochoka, noseli chafu na tairi zisizo na upepo wa kutosha huliibia gari sehemu ya nguvu zake, na gharama ya kuyarekebisha hayo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya supachaja. Familia inayotegemea gari moja kwa karo na chakula ianzie hapo. Vivio ya Njiru ilifika mwisho kwa sababu injini, kipoza na boneti yake vilichorwa pamoja tangu siku ya kwanza kiwandani, kila kimoja kikiachiwa nafasi yake.