Sebule Kubwa au Jiko Kubwa? Historia Inatufundisha Nini



Sifa zote njema ni za Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja hapa Buyenzi, Bujumbura, alinijia baada ya Swala ya Ijumaa. Mkewe anaomba ukuta wa sebule uvunjwe ili jiko lipanuliwe. Jiko lao ni dogo, limejaa moshi wa mkaa, na mama watoto anakohoa kila siku. Sebule nayo ina makochi na kabati la vyombo, na hufunguliwa siku za Idi au akija mgeni. Lakini baba mzee amekataa kabisa. Anasema kutoa sebule ni kuiga Wazungu na kumvunjia mgeni heshima. "Ustadhi, dini inasemaje?" Nilimwomba anipe wiki moja, kwani jambo hili lina historia ndefu.

Kwanza, tuwaangalie hao Wazungu wenyewe. Katika Uingereza ya karne ya 19, mtu mwenye uwezo aliweka jiko lake chini ya nyumba au nyuma kabisa, mbali na chumba cha wageni na chumba cha kulia. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu hakuwa yeye anayepika. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake zaidi ya milioni moja nchini humo walikuwa watumishi wa majumbani. Wafanyakazi masikini nao waliwaiga matajiri: chumba cha mbele kiliwekwa kwa ajili ya Jumapili na misiba, huku familia nzima ikibanana jikoni, kwani huko ndiko kulikokuwa na moto.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, wanawake wengi wakaingia viwandani. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 watumishi wa kulala nyumbani wakawa adimu. Mama mwenye nyumba akajikuta ndiye mpishi, na hapo ndipo ubaya wa jiko lile ulipoonekana! Mwaka 1961 ripoti ya serikali iitwayo Parker Morris ilitaka nyumba ziwe na nafasi ya kulia jikoni, na zipashwe joto ili vyumba vyote vitumike. Polepole watu wakavunja kuta na kuunganisha jiko na chumba cha kulia. Basi tazameni, ndugu zangu: sebule inayofungwa kwa ajili ya wageni na jiko lililopanuliwa, vyote viwili Wazungu wamevipitia. Tukimlaumu mama kwa kuiga, tuyaulize na makochi yetu yametoka wapi.

Pili, tuwaangalie wazee wetu wa pwani, maana Uislamu ulifika huku kwetu katika karne ya 19 kupitia Ujiji na misafara iliyotoka pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, mgeni hakuingia ndani ovyo. Alikaribishwa dakani kwenye viti vya mawe, au katika sabule yake. Baada ya hapo kulikuwa na misana, na mwisho ndani kwa wanawake, kwenye kuta zenye zidaka za chokaa. Jiko lilikuwa juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi utoke na joto lisiwasumbue wenye nyumba. Mpango huo ulikuwa na hekima, na sitara ilihifadhiwa.

Lakini tuseme ukweli wote. Katika nyumba za matajiri wale, waliopanda ngazi na maji na kuni walikuwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Kama ilivyokuwa Uingereza, jiko liliwekwa mbali kwa sababu mchovu alikuwa mtu mwingine. Leo mchovu ni mkeo, au mama yako.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, tuitazame nyumba ya Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam). Vyumba vya wakeze vilijengwa kwa udongo na makuti ya mtende. Al-Hasan al-Basri, aliyeviingia akiwa kijana, alieleza kuwa mkono wake ulifika kwenye dari. Mama yetu Aisha (Radhiya Allaahu anha) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Na katika Suratudh-Dhaariyaat tunasoma jinsi Nabii Ibrahim (Alayhis salaam) alivyowapokea wageni wake: aliwaendea ahli zake haraka akaja na ndama aliyenona, akawasogezea. Qur'ani haikutaja ukubwa wa chumba chake. Heshima ya mgeni ilitoka jikoni!

Hata hivyo mzee yule hakukosea katika kila kitu. Haki ya mgeni ni wajibu kwetu, na sitara ya wanawake haivunjwi pamoja na ukuta. Jiko likiwa wazi mbele ya wanaume wasio maharimu, tutakuwa tumemwondolea mama moshi na kumnyima faragha yake. Kwa hiyo nilishauri jiko lipanuliwe kwa kuchukua sehemu ya sebule, liwekewe dirisha kubwa la kutolea moshi, na pawepo mlango au pazia zito.

Wiki ya pili nilikwenda kwao baada ya Alasiri, nikayaeleza haya mbele ya mzee. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Na mgeni nimketishe wapi, mwalimu?" Nikamjibu, "Barazani, mzee wangu, kama walivyofanya wazee wetu. Na chai itamfikia mapema." Akacheka, akamwita mwanawe alete futi ya kupimia.

Tunamwomba Allaah azijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu, na atupe uadilifu kwa wanaotuhudumia. Aamiin.