Mtoto, Usiku na Haja Ndogo: Historia ya Kuamka

Mtoto mchanga hukojoa kila kibofu chake kinapojaa, awe macho au amelala. Kuamka usiku, kutambua haja na kufika chooni ni uwezo unaokuja polepole, nao huhitaji mwili uliokomaa, mahali pa kwenda na mtu mzima aliye karibu. Kwa upande wa mwili, ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini ambayo hupunguza mkojo unaotengenezwa na figo wakati wa usiku. Kibofu nacho kikijaa hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo hauna budi kuisikia hata katikati ya usingizi mzito. Kwa watoto wengi mambo haya hukaa sawa kati ya umri wa miaka 3 na 5. Kwa wengine huchelewa: watoto kati ya 10 na 20 katika kila 100 wenye miaka 5 bado huloanisha kitanda. Historia ya jambo hili ni ya nyumba na ya dawa, lakini zaidi ni historia ya lawama, yaani nani wa kulaumiwa kitanda kikilowa.

Dawa zimeandikwa tangu zamani sana. Mafunjo ya Ebers ya Misri, ya mwaka 1550 KK hivi, yana dawa ya mtoto asiyeweza kuzuia mkojo. Pliny Mzee, mwanachuoni wa Roma aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba mtoto wa namna hiyo alishwe panya waliochemshwa. Mwaka 1544 Thomas Phaer alitoa kitabu cha mwanzo kabisa cha Kiingereza juu ya maradhi ya watoto, na humo akatenga sehemu ya kukojoa kitandani. Mojawapo ya dawa zake ni koo la jogoo lililosagwa. Dawa hizi zilidumu kwa sababu zilionekana kuponya. Watoto wengi huacha wenyewe wakikua, na aliyewapa chochote katika miaka hiyo hujikuta anapata sifa.

Pwani ya Afrika Mashariki kazi ya kumfundisha mtoto ilikuwa mikononi mwa mama, na maelezo yake bora kabisa yanatoka kwa Wadigo, watu wa Kwale nchini Kenya na Tanga nchini Tanzania. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries waliyachapisha katika jarida la madaktari wa watoto, *Pediatrics*. Kwa Wadigo, mafunzo yalianza mtoto akiwa na wiki chache tu. Mama aliketi chini na kunyoosha miguu mbele, akamweka mtoto katikati ya miguu yake, mgongo wa mtoto ukiegemea mwili wake, kisha akatoa sauti ya “shuus”. Mtoto akikojoa, alinyonyeshwa au kubembelezwa. Jambo hilo lilirudiwa mara nyingi, mchana na usiku, mpaka sauti na mkao ule vikawa ndiyo amri ya kibofu. Mtoto alilala ubavuni mwa mama yake, hivyo alipojinyonganyonga au kuguna usiku, mama alijua na kumweka tayari. Kufikia umri wa miezi 4 hadi 6 mtoto alitarajiwa kuonyesha dalili ya haja na kukojoa pale tu alipowekwa.

Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 1962, daktari wa Marekani T. Berry Brazelton alikuwa ameandika katika jarida hilohilo juu ya watoto 1,170 aliowafuatilia, akashauri wazazi wasianze kabla ya miezi 18 na wasubiri mtoto mwenyewe aonyeshe kwamba yuko tayari. Shauri hilo lilienea Marekani na Ulaya. Maandishi haya mawili yakisomwa pamoja yanaonekana kupingana, lakini yanapima vitu viwili tofauti. Brazelton alimpima mtoto peke yake, anayelala kwenye kitanda chake, mara nyingi katika chumba chake, akiwa amefungwa nepi. Wadigo walimhesabu mtoto na mama yake kama kitu kimoja: sikio la mama ndilo lililoamka, na mwili wa mtoto ulijibu. Ni mafanikio makubwa, na ni makosa kuyaita bahati ya watu wasiokuwa na nepi. Yanadai mama au mlezi aliye karibu saa zote, mwenye subira ya kurudia kitu kilekile mara nyingi kwa siku.

Kipindi kigumu kilianza pale mdogo wa mtoto huyo alipozaliwa. Mtoto aliondoka kwenye kitanda cha mama akaenda kulala na bibi au na ndugu zake, na tangu hapo umbali wa choo ukawa jambo la maana. Hapa pwani ina historia ndefu na isiyo na usawa. Magofu ya Gede, karibu na Malindi, yalianza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1948, nayo yanaonyesha nyumba za mawe zenye vyoo vya shimo vilivyojengwa ndani ya kuta zake. Nyumba za mawe za Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, ziliendeleza ustadi huo. Choo kiliwekwa jirani na vyumba vya ndani, na hata ghorofani kilikuwapo, kinyesi kikishuka kwa mfereji uliojengwa ukutani hadi kwenye shimo chini ya nyumba. Pembeni lilikuwapo birika la maji ya kutawadha, ambamo wenyeji walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mtoto wa nyumba hiyo aliyeamka usiku hakuhitaji kutoka nje wala kufungua mlango wa barabarani.

Lakini nyumba ya mawe ilikuwa ya wachache. Walio wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, na choo chao, kilipokuwapo, kilikuwa nje. Nyumba ya Kiswahili iliyojaa Dar es Salaam katika karne ya 20 iliufanya mpango huo kuwa wa kudumu. Ukumbi hupita katikati, vyumba viko kulia na kushoto, na nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Mara nyingi kila chumba kina mpangaji wake, hivyo familia kadhaa hushiriki choo kimoja. Kwa mtoto wa miaka 4, njia hiyo ilimaanisha kumwamsha mtu mzima, kusubiri kibatari kiwashwe, kupita ukumbini penye giza, kufunguliwa komeo la mlango wa uani na kukatiza ua penye mbu, na wakati wa mvua penye matope. Kisha kulikuwa na tundu lenyewe, lililopimwa kwa miguu ya mtu mzima.

Hofu ya giza iliongezwa na mafunzo ya dini na masimulizi ya nyumbani. Mtoto wa Kiislamu alifundishwa kuingia chooni kwa mguu wa kushoto na kuomba kinga dhidi ya mashetani, na masimulizi ya majini yalifanya choo cha usiku kuwa mahali pa mwisho ambapo mtoto angependa kwenda peke yake. Akina mama walipata jibu jepesi: kopo au ndoo iliyowekwa chumbani jioni na kumwagwa alfajiri. Wanaoandika juu ya vyoo hulisahau kopo hilo, ingawa ndilo lililowaokoa watoto wengi kuliko majengo yote ya mawe.

Kitanda nacho kilichangia. Kwenye kitanda cha kamba na mkeka, mkojo hupita, na mkeka huoshwa ukakauka mchana huohuo. Godoro la sufi, na baadaye la sponji, hunyonya mkojo na kutunza harufu, nalo likianikwa nje mtaa mzima hujua. Watoto wa mtaa walikuwa na wimbo wa kumzomea kikojozi, na wazazi wengine waliuachia wimbo huo ufanye kazi ya fimbo. Sheria ya dini ambayo wengi wao waliifuata ilikuwa na msimamo wa upole zaidi. Katika fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mkojo ni najisi, na nguo iliyolowa lazima itwaharishwe kabla ya kusaliwa. Lakini aliyelala haandikiwi dhambi mpaka aamke, na mtoto haandikiwi mpaka abaleghe. Mtoto aliyekojoa usingizini ana udhuru mara mbili. Kumzomea kulikuwa mila ya watu, na hakukuwa na msingi katika sheria yao.

Ulaya ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa na ukali wa aina nyingine. Huko Paris daktari Armand Trousseau aliwapa watoto beladona, dawa ya mmea wenye sumu. Katika shule za bweni kukojoa kitandani kulichukuliwa kuwa utovu wa nidhamu. Mwandishi George Orwell alipelekwa bweni kusini mwa Uingereza mwaka 1911 akiwa na miaka 8, akaanza kukojoa kitandani, akachapwa. Katika insha iliyotoka mwaka 1952, baada ya kifo chake, alieleza jinsi alivyoaminishwa kwamba mtu anaweza kutenda dhambi asiyoitaka wala asiyoweza kuizuia. Shule za bweni zilipoingia Afrika Mashariki, mtoto mdogo alijikuta katika hali hiyohiyo: hapakuwa na mama wala bibi wa kumwamsha, na hapakuwa na kopo.

Njia iliyofanya kazi iligunduliwa bila kukusudiwa. Mwaka 1904 daktari wa watoto Meinhard von Pfaundler alieleza chombo cha umeme alichotengeneza kwa ajili ya wodi: shuka likilowa, kengele ililia ili wauguzi waje kumbadilisha mtoto. Lengo lilikuwa kuwasaidia wauguzi. Baada ya muda ilionekana kwamba baadhi ya watoto waliolazwa juu ya chombo hicho waliacha kukojoa. Jambo hilo lilifuatwa kwa uzito zaidi katika miaka ya 1930, pale mwanasaikolojia O. Hobart Mowrer na mkewe Willie Mae Mowrer walipokuwa wakiwalea watoto katika makao ya watoto huko New Haven, Marekani. Walitengeneza tandiko la nyavu mbili za madini zilizotenganishwa na kitambaa kizito cha pamba. Mkojo ulipolowesha kitambaa, umeme wa betri ulipita na kengele ikalia. Mtoto aliamka, akaenda chooni kumalizia, tandiko likabadilishwa, akarudi kulala. Mwaka 1938 walichapisha matokeo ya watoto 30, nao wote waliacha kukojoa kitandani.

Maelezo yao yalitoka kwa mwanasayansi Pavlov wa Urusi, aliyewafundisha mbwa kuitikia ishara. Kujaa kwa kibofu na mlio wa kengele vikikutana mara nyingi, hatimaye kibofu pekee hutosha kumwamsha mtoto au kumfanya ajizuie hadi asubuhi. Kwa kanuni, ni jambo lilelile walilofanya akina mama wa Kidigo kwa sauti na mkao, isipokuwa New Haven sikio la mama lilibadilishwa na waya. Wafuasi wa Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, waliipinga kengele hiyo. Waliona kukojoa kitandani kuwa dalili ya mgogoro wa nafsi, wakaonya kwamba dalili ikizuiwa hapa itazuka mahali pengine kwa sura mbaya zaidi. Watoto waliofuatiliwa baadaye hawakuonyesha hivyo. Kengele, kwa umbo dogo la kubana kwenye nguo ya kulalia, bado ni mojawapo ya matibabu ya kwanza wanayopendekeza madaktari.

Dawa za kisasa zilifuata. Imipramini ilianza kutumika mwaka 1960 na ilisaidia baadhi ya watoto, lakini ni hatari kubwa mtoto akimeza nyingi. Desmopresini inaiga homoni ya mwili, na utafiti uliofanywa Aarhus, Denmark, katika miaka ya 1980 ulieleza kwa nini inafaa: baadhi ya watoto hawa hawapati ongezeko la vasopresini usiku, hivyo figo zao hutengeneza mkojo mwingi kuliko kibofu kinavyoweza kubeba. Urithi nao ulithibitishwa. Mtoto ambaye baba na mama yake wote walikuwa vikojozi ana uwezekano wa zaidi ya theluthi mbili kuwa kama wao. Mwaka 1974 watafiti Forsythe na Redmond walichapisha uchunguzi wa watu 1,129, wakaonyesha kwamba takriban 15 katika kila 100 huacha kila mwaka bila tiba yoyote. Hapo ndipo hadithi ya utundu na uvivu ilipokosa pa kusimama.

Upande wa nyumba haukusimama pia. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu wazima wapatao milioni 2 waliifuata kupitia redio na vikundi vya kusoma, na kuchimba vyoo kukawa sehemu ya kazi yake. Choo kilisogea karibu na nyumba, lakini kwa mtoto tundu lilibaki pana na sakafu ya miti ilibaki ya mashaka. Nchini Msumbiji, kuanzia mwaka 1979, msanifu Björn Brandberg na wenzake walitengeneza bamba la zege lenye tundu jembamba ambalo mtoto hawezi kutumbukia, na sehemu za kukanyagia zilizoinuliwa ili mguu ujue mahali pake hata gizani. Ni kifaa cha bei nafuu, na miongoni mwa vichache katika historia ya vyoo vilivyobuniwa kwa kumfikiria mtoto anayekwenda haja usiku. Mwaka 2017 Tanzania ilirudi kwenye jambo hilo kwa kampeni ya Nyumba ni Choo.

Leo madaktari hawamhesabu mtoto kuwa na tatizo kabla ya kutimiza miaka 5. Wanashauri akojoe kabla ya kulala, apunguze kunywa saa za mwisho za jioni, atibiwe akifunga choo, na awekewe taa njiani au kopo chumbani. Mtoto aliyekaa miezi 6 bila kukojoa kitandani kisha akaanza tena, au anayeona maumivu, au mwenye kiu isiyoisha, anahitaji kupimwa, kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo na kisukari huanza kwa dalili hizo. Mzazi ampeleke kliniki, na fimbo aiweke chini.